Lenzi Ndefu na Kina Mama Watano wa Mahurunga

Kwa mwaka mzima niliwaambia watu kwamba mimi ni mpiga picha wa ndege. Niliwaambia ofisini, niliwaambia kanisani, nilimwambia hata fundi cherehani wa pale Likombe aliyetaka kujua kwa nini gauni langu liwe na mifuko mikubwa namna ile. Hakuna aliyenipinga, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziona picha zenyewe.

Kamera nilipewa na kaka yangu alipojinunulia mpya. Ilikuja na lenzi moja fupi, ile inayouzwa pamoja na kamera, na mkanda uliochakaa. Wakati huo tulikuwa tumekaa Mtwara chini ya miaka miwili. Mume wangu alikuwa amepata kazi bandarini, karani wa kukagua shehena, nami nikaomba uhamisho nikaletwa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini. Kwetu ni Bukoba, pembe nyingine kabisa ya nchi. Miezi ya mwanzo huku nilikuwa mpweke, ingawa nisingelikubali neno hilo. Watu walikuwa wakarimu, ila mimi ni mzito wa kuanza mazungumzo. Ndege hawahitaji kuanzwa. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisimama nyuma ya nyumba, penye mikorosho ya jirani, nikawapiga picha chozi na yangeyange, na jioni nikaziangalia kwenye kompyuta. Walitoka wadogo kama punje za ulezi. Nilizikuza mpaka zikawa miraba miraba, na bado niliridhika.

Kanisani kwetu yupo mwalimu mstaafu wa fizikia, ana studio ndogo karibu na soko. Hupiga picha za pasipoti, na Jumamosi picha za harusi. Siku moja baada ya ibada aliishika kamera yangu, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai.

"Unapiga ndege kwa lenzi hii?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ni sawa na kusimama Likombe ukamwita mtu aliyeko Mikindani. Hata akisikia, hatajua ni wewe."

Kesho yake nilipita studio. Akatoa kwenye kabati lenzi ndefu, nene kama chupa ya chai, imefungwa kwa kitambaa cha flaneli. Alinifungia mwenyewe kwenye kamera, akanisimamisha mlangoni. Ng'ambo ya barabara, juu ya nguzo ya umeme, alikuwako kunguru. Nilipozungusha ile pete ya kuvutia picha, kunguru alinijia mpaka nikaona vumbi kwenye mdomo wake. Nilirudi nyuma hatua moja.

Mwalimu alicheka kwa kuridhika. "Ninaiuza. Kaa nayo wiki mbili uijaribu. Ukiirudisha, nitashangaa."

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeikumbatia. Mume wangu aliniuliza kama ni ya kwetu. Nikamwambia bado, lakini moyoni ilikuwa ya kwetu tayari, na ile fupi niliitoa nikaiweka juu ya kabati la vyombo, karibu na mishumaa ya siku za umeme kukatika.

Ofisini nilikuwa na rafiki mmoja, dada wa Kimakonde tuliyekaa meza zinazotazamana. Kwao ni Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, na alikuwa ananialika tangu nifike. Aliposikia nina lenzi ya ndege alisema, "Basi Jumamosi hii twende. Kwetu kwenye majaruba ya mpunga ndege wanatuchosha kufukuza. Wewe utakuwa mtu wa kwanza kuwaona ukafurahi." Shemeji yake alikuwa anapeleka mifuko ya saruji kijijini kwa pikapu. Tukapanda mbele watu watatu, kamera mapajani pangu. Lenzi fupi niliiacha palepale juu ya kabati. Sikusahau. Niliiacha kwa dharau.

Asubuhi ile bondeni nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Keremkerem walikuwa wamejipanga kwenye waya wa uzio. Mdiria alitumbukia mferejini akatoka na kisamaki, nikampata akiwa bado anachuruzika maji. Rafiki yangu alikaa kivulini akila ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, akinielekeza kwa kidevu kila alipoona kitu kinaruka. Mpaka jua linapanda nilikuwa nimekwisha kuinunua ile lenzi moyoni mara tatu.

Mchana tukaenda kwa mama yake. Nyumba yao ilikuwa mpya. Watoto walichangishana wakamjengea, bati jekundu, na ndani sebuleni wakamwekea dari nyeupe yenye maua pembeni. Siku hiyo hakuwa peke yake. Walikuwepo dada zake wanne, na mmoja wao ndiye aliyefanya siku iwe kubwa: huyu aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na alikuwa amevuka kwa mtumbwi kuja kuiona nyumba. Kesho yake angerudi. Watano wote hawakuwa wamekaa chumba kimoja kwa miaka mingi.

Nilipiga goti kidogo nikawaamkia. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, ntoto wangu," wakaitikia karibu kwa pamoja, na yule mkubwa wao, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, akauliza kwa sauti, "Ni nani huyu?"

"Mwenzangu wa ofisini," rafiki yangu akamjibu kwa sauti kubwa zaidi. "Mpiga picha."

Hakusema wa ndege. Alisema mpiga picha tu.

Mama mwenye nyumba hakupoteza muda. Alinishika mkono akaniketisha, akanipa maji, akaniambia anataka picha moja: wao watano, hapa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, na dari ionekane. "Simu kila mtu anayo," alisema. "Nataka ya kamera. Yule dada yetu akifika kwake awaonyeshe wakwe zake."

Wakajipanga. Walivuta kanga vizuri, wakaweka mikono mapajani, wakanyamaza kama watu wanaosubiri hukumu. Nikainua kamera. Niliona tundu moja la pua.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Sasa niliona uso mmoja na nusu ya mwingine. Nikatoka mlangoni, nikasimama barazani. Niliona watatu, weusi kabisa, kwa sababu ndani kulikuwa na giza na nje jua kali, na kila picha ilitoka imetikisika. Nikashuka uani. Wanne, lakini fremu ya mlango ilimkata yule wa tano, na yule wa tano ndiye aliyevuka mto. Nikaendelea kurudi kinyumenyume hadi nikakanyaga muhogo ulioanikwa kwenye mkeka.

"Anakwenda wapi?" nikamsikia yule mkubwa akiuliza.

"Anatupiga picha," mama mwenye nyumba akajibu.

"Kwa jirani?"

Nilirudi ndani kwa aibu nikawaeleza kwamba lenzi hii ni ya kuona mbali, haiwezi kuona karibu. Walinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kulima na uma. Rafiki yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

Aliyetatua jambo ni yule wa ng'ambo. "Kama yeye hawezi kuingia," alisema, "sofa linaweza kutoka." Hata sijakataa, shemeji mwenye pikapu alikwishaitwa, na yeye na rafiki yangu wakalibeba lile kochi kubwa wakalipitisha mlangoni kiubavu, wakaliweka katikati ya uwanja wa mchanga. Kina mama watano wakajibana juu yake. Mimi nikavuka uwanja, nikavuka na njia ya kijiji, nikasimama upande wa pili nimeegemea mkorosho. Kutoka pale waliingia wote.

Sasa tukawa tunapigiana kelele. Nikisema sogeeni kulia, wanakwenda kushoto. Baiskeli yenye magunia ya mkaa ikapita katikati yetu, mwenye baiskeli akasimama kabisa, akawaamkia mmoja mmoja, akauliza habari za safari, akajibiwa, akaondoka. Nikawaambia, "Mnitazame mimi." Yule mkubwa akageuka kwa mdogo wake akauliza nimesema nini. Huyo wa ng'ambo akamjibu kwa Kimakonde, maneno machache tu, uso mkavu. Kochi zima likalipuka. Mmoja alijishika mbavu, mwingine alimwangukia mwenzake begani, mama mwenye nyumba alifunika macho kwa kiganja, na yule mkubwa, ambaye sasa alikuwa amesikia vizuri sana, alikuwa amefungua mdomo wote, meno matatu yakiwaka juani. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Mpaka leo rafiki yangu amekataa kunitafsiria kilichosemwa. Anasema kina adabu yake kwa Kimakonde, kwa Kiswahili kinaiacha.

Mama mwenye nyumba aliiangalia picha kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu. Aliipenda, niliona. Kisha akasema taratibu, "Dari haimo."

Kesho yake, Jumapili mchana, baada ya kula, nilimweleza mume wangu yote. Nilidhani atacheka tu. Alicheka, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo unainunua?"

"Nainunua. Mimi ni wa ndege."

"Una hakika?"

Mume wangu kazi yake ni kusimama na karatasi inayosema kontena lina kitu fulani, kisha kulifungua na kutazama lina nini. Amezoea mambo hayo mawili yasifanane, na hakasiriki yasipofanana. Alichukua daftari la mwanetu la hesabu lililoisha, akageuza nyuma, akachora safu mbili. Akaniambia nifungue picha zote za mwaka mzima, moja moja, niseme kilichomo. Yeye akawa anapiga vistari, vinne kisha kimoja cha kukatiza, kama wafanyavyo bandarini.

"Ndege," nikasema. "Ndege. Ndege." Nilianza vizuri. Halafu, "Mama ntilie wa pale ofisini. Mtoto anasukwa. Mtoto, mtoto. Wewe umelala. Jirani anabangua korosho. Kwaya. Kwaya. Ndege, hapana, ngoja, hilo ni jani."

Tuliendelea mpaka chai ikapoa. Sikuwa nakumbuka nusu ya picha hizo. Ndege nilikuwa nawapiga kwa nia, watu nilikuwa nawapiga bila kujua, wakati nasubiri kitu kingine. Fundi cherehani ameuma sindano. Mlinzi wa ofisi anajaribu viatu vipya. Zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa za ndani ya nyumba, zenye giza, zimetikisika, kwa sababu lenzi yangu ile fupi ilikuwa haipitishi mwanga wa kutosha. Lakini hata zilivyotikisika, nilizipenda kuliko yule mdiria. Hilo lilinishtua, maana mdiria alikuwa amekamilika kila unyoya.

Mume wangu akanigeuzia daftari. Safu ya ndege ilikuwa mistari mitatu tu ya vile vistari. Ile nyingine ilishuka hadi chini ikaanza ukurasa wa pili.

"Karatasi inasema ndege," akasema. "Shehena ni watu."

Nilimwambia anyamaze, nikaenda kuiteremsha lenzi fupi kutoka juu ya kabati.

Nilimrudishia mwalimu lenzi yake kabla wiki mbili hazijaisha, na kweli alishangaa. Alisikitika pia, hakuficha. Nikamwambia nahitaji inayoona ndani ya nyumba bila flashi, na inayowaingiza watu bila mimi kwenda kwa jirani. Akafungua droo ya meza yake, akatoa lenzi fupi nene iliyochubuka rangi. Aliishika bila kunipa.

"Ndogo hii haivuti mbele wala nyuma," alisema. "Ukitaka karibu, unatembea. Ila tundu lake linafunguka sana, mwanga wa dirisha moja unaitosha."

"Hiyo unauza, mwalimu?"

"Hii? Hii siuzi. Hii ndiyo ninayotumia."

Tulitazamana. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa, mpaka akavua miwani akaifuta. Nadhani ndipo tulipokuwa marafiki. Aliniambia ana mwanafunzi wake wa zamani Dar es Salaam anayeuza vitu vya mitumba vya kamera, atampigia. Lakini kwanza nichague saizi, kwa sababu zipo mbili zinazofaa: ya milimita thelathini na tano, inayoona kwa upana, na ya hamsini, inayobana kidogo.

"Nitajuaje?"

"Chukua selotepu. Funga pete ya hiyo lenzi yako fupi isizunguke. Wiki moja iwe hamsini, wiki ya pili thelathini na tano. Miguu yako itakwambia."

Nikafanya hivyo. Wiki ya hamsini nilipata nyuso nzuri, lakini nyumbani kwetu ni padogo. Nikitaka kuwaweka mume na mtoto mezani pamoja, ilibidi nipande juu ya kitanda cha chumba cha pili nipige kupitia mlangoni. Siku ya nne nilirudi nyuma nikakalia beseni la unga wa muhogo uliokuwa umechekechwa. Wiki ya thelathini na tano sikukalia kitu. Rafiki yangu aliponiona nimefunga kamera kwa selotepu aliniuliza kama imevunjika. Nikamwambia hapana, inapimwa. Akasema hata wagonjwa hawafungwi hivyo.

Lenzi ilikuja kwa basi, ndani ya boksi la sabuni lililojazwa magazeti. Ilikuwa nyepesi mno, nikadhani nimetumiwa kifuniko. Siku za kwanza mkono wangu wa kushoto uliendelea kuzungusha pete isiyokuwepo. Halafu miguu ikajifunza. Hatua mbili mbele, kuchuchumaa, hatua kando. Na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kwa lenzi ile siwezi kumpiga mtu picha bila yeye kujua nipo. Lazima nisogee, na nikisogea lazima niamkie, na nikiamkia lazima niulizwe za nyumbani, za watoto, za Bukoba. Mimi mzito wa kuanza mazungumzo nikajikuta nimeanza kama kumi kwa siku. Fundi cherehani alinieleza habari ya ndoa zake zote mbili. Jirani wa mikorosho akaanza kuniletea korosho zilizobanguliwa, tena zile nzima nzima.

Ndege walinipita. Wiki moja tu baada ya lenzi kufika, yule mdiria, au ndugu yake, alikuja kukaa juu ya kamba yetu ya nguo, karibu kuliko ndege yeyote niliyewahi kumwona. Kwenye picha ni doa la buluu kati ya mashuka. Niliumia kidogo, siwezi kudanganya.

Mwezi uliofuata tukarudi Mahurunga. Nilikuwa nimeisafisha ile picha ya kochi, nakala tano, na moja ilikwishavuka mto mikononi mwa mtu aliyekuwa akienda upande ule. Habari zilirudi kwamba wakwe wa yule dada waliuliza kwa nini Tanzania watu wanaweka makochi nje. Safari hii walikuwepo wanne. Niliingia sebuleni, nikasimama pale pale mlangoni, nikainua kamera. Wote wanne, makochi mawili, vitambaa vya kufuma, na dari na maua yake yote. Nilipiga mara sita, nikamwonyesha mama mwenye nyumba. Akaangalia, akaigusa pembe ya kioo penye dari kwa ncha ya kidole.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hapo sawa."

Nilidhani kazi imekwisha, nikawa nafungua mkoba niweke kamera. Yule dada mkubwa akanivuta gauni. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, na mwanga ulimwangukia upande mmoja wa uso, penye chale za zamani.

"Nipige na mimi peke yangu."

"Haya, mama."

"Ngoja." Akainua kidole. "Hapa kijijini ukifika umri wangu, wanakuja kukupiga picha, unajua kabisa wanaitafutia kazi gani msibani. Mimi hiyo siitaki. Nataka ya kuwekwa ukutani, mimi mwenyewe niwe nakaa hapa chini yake, watu wakiingia waangalie juu, waangalie chini, waseme, kumbe ni yuleyule."

Nilipiga goti mbele yake, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya karafuu kwenye kanga yake. Nikamwuliza kama niko karibu mno. Hakunisikia, au alijifanya. Akasogeza kiti chake mbele, magoti yetu yakagusana, akaitazama lenzi.

Tulipomaliza, wali na kisamvu vilikuwa vimeshaandaliwa mkekani. Yeye hakuanza kula. Alikuwa amemwita shemeji mwenye pikapu, amemsimamisha katikati ya sebule na nyundo, na anamwelekeza mahali pa kupigilia msumari: juu kidogo, hapana, kulia, juu tena. "Nikikaa chini yake nisiizibe," alimwambia. "Mimi bado nina mpango wa kunenepa."